Makaa ya Mzee wa Picha

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeachishwa kazi. Sijaacha lolote na sijaachishwa, angalau hadi leo asubuhi. Nilikuwa na deni tu, na mwenye deni huwa hana maneno mengi. Leo nalilipa nusu yake hapa. Nusu nyingine namlipa mwenyewe mkononi.

Deni lilianza na maneno 14. Gazeti letu lina kona ndogo kila Jumamosi, ukurasa wa 11, ile ya dondoo za nyumbani: namna ya kutoa doa la embe kwenye shati, namna ya kuzuia sisimizi wasiingie kwenye sukari. Dada anayeiandika alikuwa likizo ya uzazi, mhariri akanirushia mimi. Ikabaki nafasi ya mistari mitatu chini ya picha ya pilipili hoho, na zilibaki dakika kumi ukurasa uende mitamboni. Nikaandika hivi: "Makaa hufyonza unyevu. Weka vipande vichache kwenye kabati au sanduku, vitu vyako havitaota kuvu."

Nilitoa wapi habari hiyo? Kichwani. Kila mtu anaijua, si ndiyo? Bibi yangu aliweka makaa kwenye jokofu kuondoa harufu. Nikaunganisha harufu na unyevu, nikaenda kunywa chai.

Sasa, pale ofisini tuna mzee mmoja wa picha. Simtaji jina kwa sababu hakuniruhusu, na kwa sababu ambazo mtaziona. Amepiga picha tangu enzi za kusafisha filamu kwenye chumba cha giza, na hata leo ambapo sote tunatumia kamera za kidijitali, yeye ana lenzi zake tano za zamani ambazo huzifunga kwenye kamera mpya kwa kipande cha chuma alichochongewa na fundi. Aliipenda moja kuliko zote, ya milimita 85, aliyoinunua mkononi mwa baharia mwaka 1987. Hiyo ndiyo iliyopiga picha za harusi za watoto wake wote wanne.

Jumatatu ile alikuja mezani kwangu na kipande cha gazeti alichokikata kwa mkasi vizuri kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kijana, haya makaa uliyoandika ni makaa gani? Haya ya kupikia?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Mimi nina shahada, waungwana. Nikamwambia yale ya kupikia yanafaa kidogo, lakini yanayofaa hasa ni yale ya kuchujia maji ya samaki wa mapambo, kwa kuwa yana matundu mengi zaidi. Hilo la matundu ni kweli, nililikumbuka kutoka shuleni. Nikampeleka mwenyewe Kariakoo kwa muuza samaki, tukapimiwa nusu kilo kutoka kwenye gunia lililokuwa wazi karibu na mlango. Tukashona vifuko vya kitambaa, tukaviweka kwenye sanduku la plastiki pamoja na lenzi, tukafunga. Mzee akanishika bega. Nilijisikia mtu wa maana siku ile.

Miezi minne baadaye, katikati ya masika, alifungua sanduku. Lenzi tatu kati ya tano zilikuwa na utando ndani ya kioo, nyuzi nyeupe zinazotawanyika kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Fundi alizifungua, akazisafisha mbili zikapona. Ile ya 85 ilikuwa imeliwa. Kuvu akikaa sana juu ya kioo hula utando mwembamba wa rangi uliopakwa kiwandani, na alama yake haifutiki kwa kitambaa wala dawa.

Mzee alisema, "Si kitu, mwanangu." Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Basi nikamtafuta rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Mimi nilikuwa nasomea uandishi, yeye kemia, na sasa anafundisha na kufanya utafiti kwenye maabara moja hapa jijini. Nilimweleza kisa chote kwa simu. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mliyakausha kabla ya kuyafungia?"

Sikumwelewa. Makaa yalikuwa makavu. Nilikuwa nimeyashika, yalikuwa makavu na yanachafua vidole kama makaa yoyote.

"Njoo nayo," akasema. "Yote."

Nikaenda na vifuko vyote. Aliyapima, akayatandaza kwenye sinia, akayaingiza kwenye tanuri la nyuzi 110 usiku kucha. Asubuhi tukayapima tena. Nusu kilo ile ilikuwa imepungua karibu gramu 100. Hayo yalikuwa maji. Yanajaza kikombe cha kahawa na mengine yanabaki. Nilikuwa nimebeba kikombe cha maji kwa mikono yangu mwenyewe, nikakifungia ndani ya sanduku la lenzi za mtu, kisha nikamwambia asifungue.

Niwaeleze nilivyoelezwa, kwa kuwa sasa nadhani nimeelewa.

Makaa haya wachenjuaji wa dhahabu kule Kanda ya Ziwa huyaita kaboni tu, nami nitayaita hivyo. Nilipokwenda huko kuripoti habari za marudio niliyaona kwenye matenki: yanaogelea ndani ya maji yenye sianidi na yanadaka dhahabu. Mengi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kifuu huchomwa bila hewa hadi kiwe mkaa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke ule unakula kaboni taratibu na kuacha vichochoro ndani yake. Vichochoro vingi upana wake haufiki nanomita 2. Molekuli ya maji ina upana wa kama nanomita 0.3, kwa hiyo kwenye kichochoro kipana kabisa cha namna hiyo zinaenea kama saba bega kwa bega. Lakini wingi wake sasa! Gramu moja ya kaboni nzuri, ukizikunjua kuta zake zote, inafika mita za mraba 1,000 hivi. Uwanja wa mpira una mita za mraba 7,000 na kidogo. Kijiko kimoja cha chakula cha kaboni, basi, ni uwanja mzima wa mpira.

Na hapa ndipo Kiswahili changu kilinipoteza. Sisi tunasema "kufyonza" kwa kila kitu. Sponji linafyonza, mchanga unafyonza, makaa yanafyonza. Kumbe makaa hayafanyi kazi kama sponji. Yananasa. Kitu kinakuja kinashikwa kwenye ukuta wa kichochoro na kukaa pale. Swali la kuuliza, kwa hiyo, ni kama ukuta na kitu hicho vinapatana. Idadi ya matundu ni swali la pili. Mvuke wa petroli unapatana na kaboni. Harufu nyingi za jikoni zinapatana nayo pia, na bibi yangu hakukosea. Maji hayapatani nayo.

Niliposikia hivyo nilibisha. Kama hayapatani, zile gramu 100 ziliingiaje?

Mkemia wangu akaniuliza kama nimewahi kuona maji juu ya jani la magimbi. Yanaviringika kama shanga, hayalilowanishi jani. Ukuta wa kaboni safi uko karibu na hapo: molekuli za maji zinapendana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyoupenda ukuta. Kwenye hewa kavu, vichochoro vya kaboni safi hubaki karibu vitupu, hata kama ni uwanja wa mpira.

Lakini hakuna kaboni iliyo safi kabisa. Pembeni mwa kuta, pale ambapo ukuta umekatika, huwa kumeng'ang'ania oksijeni kidogo. Maji yanaipenda oksijeni hiyo. Molekuli moja ya maji inakuja inajishika hapo. Ya pili inakuja kwa sababu ya ile ya kwanza, ya tatu kwa sababu ya pili. Nikamwambia hii ni kama kijiwe cha kahawa. Ukuta mrefu, hakuna anayekaa. Weka benchi moja, mzee mmoja akae, na baada ya nusu saa wamejaa watu kumi, na hakuna hata mmoja aliyefuata benchi. Wamemfuata mzee. Akasema naweza kuandika hivyo, ila nisimtaje yeye.

Vijiwe hivyo hukua kadiri hewa inavyozidi kuwa na mvuke, hadi kijiwe cha upande huu na cha upande ule vinakutana katikati ya kichochoro. Hapo kichochoro kinajaa kwa ghafla. Kwa kaboni ya kawaida jambo hilo hutokea unyevu wa hewa ukifika asilimia 50 hadi 70 hivi ya kile ambacho hewa inaweza kubeba. Chini ya hapo, karibu hakuna kitu. Juu ya hapo, kilo moja ya kaboni inaweza kubeba robo kilo ya maji na zaidi. Ukichora, mstari unalala chini muda mrefu halafu unapanda kama ukuta.

Wanasayansi wa Kisovieti, M. M. Dubinin na wenzake, waliiandikia hesabu safari hiyo ya kijiwe mwaka 1955, na hadi leo wanaopima maji kwenye kaboni huanzia kwao.

Sasa rudi Kariakoo, kwenye gunia lililo wazi mlangoni. Hewa ya Dar es Salaam hupita asilimia 70 siku nyingi, na asubuhi za masika hupita 80 bila shida. Makaa yale yalikuwa yamekwisha kupanda ule ukuta miezi mingi kabla sijayanunua. Yalikuwa yamejaa, na kwa kuwa maji yako ndani ya vichochoro, huwezi kuyaona wala kuyagusa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba chumba chetu cha habari kina kiyoyozi. Kama ningewaacha Mzee na sanduku lake peke yao, huenda hewa ya ndani ya sanduku ingekauka kidogo kidogo. Mimi nikaweka ndani yake ghala la maji. Na ghala lenyewe ni bahili: kaboni ikishajaa haiachii maji pale pale ilipoyapokea, hungoja hewa ikauke zaidi ndipo iachie. Sanduku likabaki na unyevunyevu ule ule ambao kuvu anaupenda.

Nilidhani somo limeisha, nikafunga daftari. Mkemia akasema hajafika kwenye kazi yake bado.

Kazi yake yeye ni mabenchi. Kama maji hufuata oksijeni iliyoko kwenye kuta, basi ukiweza kuongeza au kupunguza oksijeni hiyo, unaweza kuamua kaboni ianze kunywa maji wakati gani. Kifuu ni kile kile, vichochoro ni vile vile, tabia nyingine kabisa. Alinionyesha. Alichukua sehemu ya makaa yale yale ya Mzee, yaliyokwisha kukaushwa, akayachemsha kwenye asidi ya nitriki. Alifanya hivyo ndani ya kabati la vioo lenye feni ya kuvuta hewa, kwa kuwa inatoa moshi wa rangi ya kahawia ambao ni sumu kwa mapafu, na naomba msomaji yeyote asijaribu nyumbani. Nimeshaharibu vya watu vya kutosha. Kisha akayaosha kwa maji safi mara nyingi, siku mbili nzima, hadi asidi ikaisha, akayakausha tena. Kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote na ya mwanzo. Meusi, yanachafua vidole.

Tukachukua chupa nne za mayonezi. Mbili tukaweka uji wa chumvi ya mezani chini, maana chumvi iliyolowana hivyo huishikilia hewa ya chupa kwenye asilimia 75. Mbili tukaweka chumvi ya aina nyingine, kloridi ya magnesi, ambayo huishikilia kwenye asilimia 33. Juu ya kila chumvi tukaning'iniza kikombe kidogo cha makaa, chupa moja ya asili, nyingine ya asidi. Tukafunga, nikaenda kuripoti kikao cha madiwani.

Baada ya wiki moja nilirudi. Kwenye asilimia 33 makaa ya asili yalikuwa yameongezeka kidogo mno, ni tarakimu za mwisho za mzani tu zilizocheza. Yaliyochemshwa kwenye asidi, hewa ile ile, joto lile lile, yalikuwa yameongezeka mara kadhaa ya hapo. Asidi ilikuwa imejaza mabenchi kwenye kuta, na vijiwe vikaanza mapema, kwenye hewa ambayo kaboni ya kawaida inaiona jangwa. Kwenye asilimia 75 mambo yalikuwa tofauti: ya asili yalikuwa yamejaa maji kama nilivyotegemea sasa, na ya asidi yalikuwa na maji mengi pia, ila hayakuyazidi ya asili kama nilivyobashiri. Mkemia alikuwa amenitegea nibashiri, na nilikosea. Ukizidisha asidi unaharibu. Kuta nyembamba zinabomoka, na mabenchi yaliyorundikana mlangoni mwa kichochoro yanaziba njia. Kaboni inaanza kunywa mapema lakini tumbo lake linaweza kuwa dogo kuliko mwanzo.

Njia ya kurudi ipo. Ukiipasha kaboni ile hadi nyuzi 900 au zaidi bila hewa, oksijeni inang'oka kwenye kuta na kutoka kama gesi, na kaboni inarudia kuyakataa maji. Ila pale ilipong'oka panabaki kidonda, na ukiitoa nje kwenye hewa ya kawaida, kidonda kinadaka oksijeni nyingine. Ndiyo maana wanaotaka kaboni inayokataa maji kwa muda mrefu huipasha ndani ya hidrojeni, ambayo inakiziba kidonda. Nilipenda sana hapo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hata wakati unaiacha kwenye kopo tu, bila kuifanya chochote, kaboni inaendelea kubadilika. Hewa peke yake inaiongezea mabenchi polepole, na hewa yenye unyevu inafanya hivyo haraka zaidi.

Nikamuuliza nani duniani anahangaika na kaboni isiyotaka maji. Akanijibu kwa neno moja: barakoa.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini ikaelea hadi kwenye mahandaki ya wenzao. Mwaka huo huo Nikolai Zelinsky, mkemia wa Urusi, alitengeneza barakoa yenye makaa, na kabla vita haijaisha majeshi yote makubwa yalikuwa yanapumua kupitia makaa. Vifuu vya nazi vilitafutwa kama almasi, kwa sababu mkaa wake ni mgumu na vichochoro vyake ni vyembamba. Huko Marekani mwaka 1918 vifuu havikutosha, wananchi wakaombwa wakusanye kokwa za mapichi na matunda mengine. Mtu aliyekula pichi alikuwa anamsaidia askari.

Sasa fikiria kaboni ya barakoa kwenye hewa nzito ya unyevu. Vichochoro ni hivyo hivyo, nafasi ni hiyo hiyo. Maji yakitangulia kukaa, mvuke wa sumu unaofuata unakuta viti vimejaa, hasa ule usiochanganyika na maji, na unapita moja kwa moja hadi kwenye pua. Kwa barakoa, kwa hiyo, benchi la maji ni adui. Na kaboni ya barakoa iliyokaa ghalani miaka, hewa ikiiongezea oksijeni kimya kimya, inaweza kuwa si ile iliyopimwa siku ilipotoka kiwandani. Hii ni sababu mojawapo ya vichujio vya leo kufungwa ndani ya mifuko isiyopitisha hewa hadi siku ya kutumiwa. Lakini ukitaka kunasa amonia, mambo yanageuka tena: kuta zenye asidi zinaidaka amonia vizuri kuliko kuta safi. Kila unachofanya kwenye ukuta ule, kuna kitu unakikaribisha na kingine unakifungia mlango.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mhariri. Nikamwambia tunahitaji kuchapa masahihisho.

"Nani amelalamika?"

"Mzee wa picha, lenzi zake zimeharibika."

"Amelalamika?"

"Hapana."

"Basi kuna nini?"

Nilimweleza habari ya kuta na mabenchi. Nilifika kwenye hidrojeni, akapokea simu. Nilimrudia Jumatano, nikamrudia Ijumaa. Wiki iliyofuata alinipa mistari mitatu, kona ile ile, chini ya picha ya kachumbari. Nadhani alichoka kuniona mlangoni. Mistari mitatu, waungwana! Nilitumia dakika kumi kuandika kosa na siku mbili kuandika sahihisho, maana kila neno nililoweka lilihitaji jingine. Makaa gani? Yametibiwa na nini? Kwenye hewa gani? Mwisho ikatoka hivi: "Makaa yaliyokaa wazi Dar es Salaam huwa yamekwisha kujaa maji. Usiyaweke karibu na kamera. Kona hii ilikosea."

Ile sentensi ya mwisho waliikata mezani kupata nafasi. Naiandika hapa ili iwepo mahali.

Kwa Mzee nilikwenda na kila kitu: daftari, chupa za mayonezi, hata kikombe cha yale makaa ya asidi. Nilimweleza kwa saa nzima. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayempanga kwa picha, kichwa upande mmoja. Mwisho akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: "Haya ya asidi, yanayokunywa mapema, si ndiyo tuyatie sandukuni?"

Nilimpigia mkemia pale pale. Akasema lenzi zinapenda hewa ya asilimia 40 hadi 50, si kavu kupita kiasi, maana grisi na mpira wa ndani nao vina haki yao. Akasema makaa ya asidi yangefanya kazi kwa muda fulani kama yamekaushwa vizuri na sanduku halifunguliwi ovyo, lakini vile vifuko vya punje za silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, na punje zenye rangi hubadilika zikijaa, zikakuambia zenyewe. Ukizipasha kwenye tanuri zinarudi. Na tununue kipima unyevu, kidogo tu, tukiweke ndani tuwe tunasoma.

Nimenunua vyote viwili kwa hela yangu. Lenzi ya 85 nimejaribu kuitafuta nyingine kama ile. Zipo, na bei yake ni mishahara yangu miwili. Nimeanza kuweka.

Juzi Mzee aliniita nje chini ya mwembe, akaifunga lenzi ile iliyoliwa kwenye kamera yake, akanipiga picha moja. Akanionyesha. Uso wangu una mng'ao wa ajabu kuuzunguka, kama nimesimama nyuma ya chandarua na jua liko upande wa pili. Alama za kuvu hutawanya mwanga, ndiyo maana.

"Hii sasa ni ya maharusi," akasema. "Bibi harusi hataonekana hata chunusi moja."

Jumamosi ana harusi Magomeni. Ameniambia niende nimbebee mkoba, na nisimshauri mtu yeyote jambo lolote nikiwa ukumbini. Jana jioni kabla ya kutoka nilichungulia sandukuni kwake. Kipima unyevu kilisoma 47.